Mtoto wa miaka 4 hatulii kwenye sala ya familia: yaliyotukuta sisi

Bwana asifiwe, dada. Umeuliza kama umchape mwanao wa miaka 4 kwa kuwa hatulii kwenye sala ya jioni. Usimchape. Nimepita njia hiyo na mtoto wetu wa kwanza.

Sala yetu ilikuwa nusu saa: nyimbo mbili, sura nzima ya Biblia, kisha baba watoto anaombea dunia yote. Mtoto akianza kujigeuzageuza, namkazia macho. Nilikuwa najisifu kwamba ana mistari kumi kichwani. Siku moja mwalimu wake wa chekechea akaniita pembeni: mtoto hawezi kufunga vifungo vya shati, na akinyang'anywa kitu anang'ata. Kumbe nilikuwa nimelea mdomo tu.

Soma Luka 2:52. Yesu mwenyewe alikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Hapo kuna mambo manne, mimi nilikuwa nimeshika moja, tena nusunusu.

Tukaishusha sala hadi dakika tano. Wimbo mmoja wa makofi na kuruka, kisa kimoja nakisimulia kwa maneno yangu, yeye anakiigiza. Akiwa kondoo aliyepotea tunamtafuta nyumba nzima, ingawa kila siku yuko chini ya meza ileile. Kisha anaomba mwenyewe. Kuna siku alimshukuru Mungu kwa ajili ya panzi, basi, tukasema amina.

Vifungo tulivimaliza kwa kumwachia avae mwenyewe, hata kama tunachelewa ibada. Kung'ata kulichukua muda zaidi. Nilimfundisha kusema "nimekasirika" na "naomba zamu yangu", nami nikaanza kumwomba msamaha nikimfokea bure. Hilo la mwisho lilinishinda kwa miezi kadhaa, nisikudanganye.

Upande wa mwili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka watoto wa miaka 3 na 4 wajishughulishe angalau saa 3 kwa siku, ndani yake saa 1 ya kukimbia na kuruka kwelikweli, walale kwa muda wa saa 10 hadi 13, na muda wa skrini usizidi saa 1 kwa siku. Katuni za Biblia nazo ni skrini! Mimi nilikuwa nazihesabu kama ibada.

Halafu acha kumtishia kwa "Mungu anakuona". Wangu alikataa kuvuliwa nguo aoge, eti Mungu anaangalia. Nilicheka, baadaye nikaona aibu. Umri huu wanashika neno kama lilivyo.

Kutotulia kwa miaka 4 ni kawaida. Ila kama hata mkicheza haungi maneno au haelewi agizo dogo kama "leta kiatu", endelea kumwombea, na wiki hiihii mpeleke kwa daktari wa watoto.