Maswali ya wafugaji: Faitezi nimeweka, mbona mayai hayaongezeki?

SWALI: Nafuga kuku wa mayai 400, chakula nachanganya mwenyewe: mahindi, pumba, soya, mashudu ya alizeti, chokaa na DCP (unga wa madini ya fosforasi na kalsiamu) kilo 15 kwa tani. Niliuziwa kimeng'enya cha faitezi, nikaweka gramu 100 kwa tani kama pakiti inavyoagiza. Wiki 2 zimepita, mayai ni yale yale. Nimepigwa?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Huenda hujapigwa. Umeweka faitezi juu ya DCP ile ile, na hapo haina kazi ya kufanya. Takribani theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka na mashudu imefungwa ndani ya faiteti, yaani umbo ambalo mimea huhifadhia fosforasi kwenye mbegu. Kuku hawezi kuivunja vya kutosha, nyingi inaishia kwenye kinyesi. Faitezi huifungua. Lakini kuku aliyeshiba fosforasi hatagi zaidi kwa kuongezewa nyingine. Faida yako ni ile DCP utakayoacha kununua.

Kama pakiti ni ya FTU 5,000 kwa gramu (FTU ni kipimo cha nguvu ya faitezi), gramu 100 kwa tani ni FTU 500 kwa kilo, kiwango cha kawaida. Anza kwa kutoa DCP kilo 5. Humo mlikuwa na fosforasi karibu gramu 900, na kalsiamu zaidi kidogo ya kilo 1. Basi ongeza chokaa kilo 3, maganda yasilainike, na kilo 2 zilizobaki jazia mahindi. Chokaa usiizidishe: kalsiamu nyingi huing'ang'ania faiteti, kimeng'enya kikashindwa kuivunja.

Wengi huharibu kwenye kuchanganya. Gramu 100 katika tani ni sehemu 1 kwa 10,000. Ukizimwaga kwenye rundo na kupindua kwa koleo, kuku wengine hawataionja. Zichanganye kwanza na gramu 900 za mahindi yaliyosagwa laini, ongeza kilo 4, changanya tena, ongeza kilo 20, ndipo uingize kwenye mashine, nusu ya mahindi ikiwa tayari imo. Ukitengeneza peleti, joto likipita nyuzi 80 faitezi isiyofunikwa huharibika.

Halafu, unalinganisha na nini? Gawa kuku katika vyumba 8 vya kuku 50, upige kura: vinne chakula cha zamani, vinne kipya. (Chumba kimoja cha kuku 200 ni kipimo kimoja tu.) Andika mayai, yaliyovunjika na chakula kilicholiwa, kila siku, wiki 12. Wiki 2 hudanganya: kuku akipungukiwa fosforasi hukopa kwanza kwenye mifupa yake, anaendelea kutaga, miguu inalegea baadaye.

SWALI: Mahindi yameingia ukungu. Nikiweka kifunga sumu, niyalishe?
Msomaji, Kiteto

JIBU: Inategemea ni sumu gani. Bentonaiti, aina ya udongo, hushika vizuri aflatoksini, sumu ya ukungu, kwa kuwa molekuli ya sumu hiyo ni bapa na hupenya katikati ya tabaka za udongo huo. Fumonisini, sumu nyingine ya ukungu ambayo nayo hupenda mahindi, bentonaiti haiishiki vya kutegemewa. Kilo 2 za bentonaiti kwa tani ni tahadhari kwa mahindi yenye wasiwasi; yaliyooza haziyaokoi. Pepeta, chambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kisha peleka sampuli maabara. Ulizozitoa usimpe ng'ombe wa maziwa: aflatoksini hupita hadi kwenye maziwa.