Mkono Wenye Mnofu

Mhariri, mmeuliza juma hili: ni mnyama gani wa nyumbani awezaye kumfunza mchuuzi kutangaza biashara mtandaoni? Wengi hapa Malindi watasema paka, maana ndiye ajuaye saa mashua inapoingia. Mimi nasema mbwa, na si kwa uaminifu wake bali kwa jinsi anavyofundishwa. (Simwiti mteja mbwa, nieleweke. Mwenye kuhitaji mafunzo ni mchuuzi.)

Tumchukue muuza samaki mwenye simu moja na WhatsApp Business, ile WhatsApp ya wafanyabiashara.

Mbwa hufundishwa kuketi kwa kipande cha nyama kisichozidi punje ya kunde, na hukipata sekunde ile ile anapoketi. Ukichelewa ameshasimama, na kwa hesabu yake umemtuza kwa kusimama. Mteja naye huuliza bei ya changu saa tatu asubuhi akiwazia chakula cha mchana. Ukimjibu saa saba, maharagwe yameshaiva. Kwa hiyo tayarisha majibu ya haraka, yale yanayoitwa kwa alama ya mkwaju (/) na neno fupi: /bei kwa bei za leo kwa kilo, /fika kwa mitaa unayopeleka na nauli ya boda, /lipa kwa nambari ya Lipa na M-Pesa. Bei zirekebishe kila asubuhi kabla ya kuposti chochote, la sivyo jibu la haraka litakuletea ugomvi wa haraka. Na hii tabia ya "bei njoo inboksi" iacheni jamani. Mtu akishaona picha bila bei, kilo wala mahali, wengi wao hawaulizi, wanapita.

Amri nayo iwe moja: baba akisema "kaa" na mtoto akasema "keti", mbwa hushangaa. Jina, picha na nambari ya simu vifanane Facebook, Instagram na WhatsApp.

Sasa kwenye mnofu wenyewe, ambapo wengi huharibu. Mwanzoni mfunzaji huonyesha nyama ili mbwa aifuate. Baada ya mara chache huificha, na mkono mtupu ndio unaotoa ishara. Nyama hutoka mfukoni baada ya kazi. Asipofanya hivyo, mbwa hutii pale tu aonapo nyama. Punguzo la kila Ijumaa hufanya kazi hiyo hiyo: Jumatano na Alhamisi watu hawanunui, wanasubiri, nawe Ijumaa unauza sana kwa faida ndogo ukidhani tangazo limefaulu. Zawadi ije baada ya ununuzi, bila kutangazwa. Robo kilo ya dagaa ndani ya mfuko wa aliyeagiza mara kadhaa inatosha, na usiitoe kwa kalenda. Tumia lebo za WhatsApp Business kujua nani ameagiza, nani amelipa, nani ni wa mara kwa mara.

Mbwa akibwekea kila mpita njia, bwana wake huacha kuamka, hata siku mwizi anapokuja. Stetasi za WhatsApp kumi na tano kwa siku matokeo yake ni hayo: watu hukuzima kimya kimya, wala hupati taarifa. Tazama idadi ya waliotazama. Ikishuka wiki hadi wiki, punguza. Usiihesabu kwa ukali sana, kwa sababu aliyezima alama za kusoma (zile tiki za buluu) haonekani. Posti mbili zatosha: samaki wakishushwa, na wakikaribia kwisha. Kumbuka stetasi hukaa saa 24, kwa hiyo nguru wa jana saa nne bado anaonekana leo saa tatu. Ameisha? Ifute. Msimu wa kusi, vyombo vidogo visipotoka, sema wazi hakuna samaki kuliko kurudia picha za kaskazi.

Malalamiko yajibiwe papo hapo. Mbwa akikaripiwa saa nzima baada ya kuchafua sakafu hajui kosa lake. Na mteja aliyepewa samaki aliyelainika, ukimtafuta kesho kutwa, ameshawaambia jirani zake. Omba radhi palepale alipoandika, habari za pesa mmalizie faraghani.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp, itumayo ujumbe mmoja kwa wengi kwa mpigo, hubeba watu 256, na hupokea tu aliyehifadhi nambari yako. Mwombe aihifadhi siku anaponunua, na muulize kama anataka matangazo: Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa yake.

Msomaji, Malindi