Kukutana kila soko hupunguza ugomvi

Umeuliza kama kampuni zikishindana katika masoko mengi kwa pamoja ushindani unazidi kuwa mkali. Mara nyingi ni kinyume chake. Tazama mashirika ya ndege ya Marekani. Shirika moja likishusha nauli kwenye njia inayomlipa mpinzani wake, mpinzani halazimiki kujibu kwenye njia hiyohiyo. Anaweza kushusha nauli kwenye njia zinazotoka kituo kikuu cha mchokozi, ambako mchokozi ndiko anakovuna fedha nyingi. Wakishaumizana hivyo, kila mmoja humwachia mwenzake eneo lake. Mwaka 1994 wanauchumi Evans na Kessides walichapisha uchunguzi wa njia za ndani za nchi hiyo: nauli zilikuwa juu zaidi pale ambapo mashirika yaleyale yalikutana pia kwenye njia nyingine nyingi. Faida ni ya kampuni, basi, na anayelipa ni abiria.

Lakini haiwi hivyo siku zote. Wanauchumi Bernheim na Whinston walionyesha mwaka 1990 kwamba masoko yakifanana kabisa na kampuni zikiwa na gharama sawa, kukutana kwingi hakubadilishi kitu. Lazima kuwe na tofauti, kwa mfano kila mmoja awe na ngome yake. Pia bei zipangwe kwa kuangalia masoko yote. Kama kila meneja wa njia anajiamulia, tishio la kulipiza kwenye njia nyingine halina nguvu. Na akiingia mgeni mwenye njia chache, asiye na cha kupoteza kwingine, nauli zinaweza kushuka haraka.