Maswali na majibu: Pampu imeandikwa lita 2,000, maji yanazunguka kweli?

Wiki hii karibu barua zote ni za mkondo wa maji kwenye matangi ya samaki wa baharini. Nimechukua tano.

*Shikamoo fundi. Tangi langu ni la lita 200, maji ya chumvi, samaki wanne, matumbawe sina. Pampu imeandikwa lita 2,000 kwa saa na muuzaji alisema inatosha kabisa. Mbona uchafu unalala nyuma ya mawe? (Uyole, Mbeya)*

Marahaba. Muuzaji hesabu kaipata: kwa tangi la samaki lisilo na matumbawe, wafugaji wengi huanzia mzunguko wa mara 10 kwa saa, yaani pampu isukume ujazo wa tangi zima mara 10 kila saa. Ila namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji hata sentimita moja. Yako, nadhani, imekaa kwenye tangi la chini kabatini, inasukuma maji zaidi ya mita moja kwenda juu, na bomba lina kona mbili tatu. Pima mwenyewe. Chomoa mpira unaorudisha maji, ushike kwa kimo kilekile unachomwagia, uelekeze kwenye ndoo ya lita 20 na uwashe saa ya simu. Nilipopima ya kwangu, nayo imeandikwa hizohizo 2,000, ndoo ilijaa kwa sekunde 80. Piga hesabu: lita 900 kwa saa. Hata nusu haifiki.

Lakini usikimbilie kununua kubwa zaidi. Pampu ya chini kazi yake ni kuyapitisha maji kwenye chujio, na mara 4 au 5 kwa saa zinaitosha. Mkondo wa ndani ya tangi uachie vipampu vya kubandika kwenye kioo; havipandishi maji popote na umeme vinakula kidogo. Weka viwili, pande tofauti, mikondo yao ikutane na kuvurugana. Bahari yenyewe haisukumi upande mmoja kutwa, huja ikarudi. Kipampu kimoja kikipuliza njia moja, nyuma ya mawe hubaki maji yaliyolala, uchafu unaozea humo na naitreti, zao la huo uozo, inapanda. Dondosha punje chache za chakula uzifuate kwa macho. Zinapotulia ndipo pa kushughulikia.

*Samaki wangu kila alfajiri wanahemea juu ya maji. Chumvi iko sawa, joto nyuzi 26. Ndugu yangu Dar ana tangi na pampu kama zangu, hana shida. (Njombe)*

Huyo ndugu yako hata maharage anaivisha haraka kuliko wewe, na sababu ni hiyohiyo. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano. Oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho. Halafu maji ya bahari, popote yalipo, hubeba karibu moja ya tano pungufu ya maji yasiyo na chumvi. Kwa nyuzi 25 maji ya bahari kule Dar hushika kama miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita. Kwako ni kama 5.5, na hapo ni yakishiba kabisa. Usiku miani, ule ukijani wa kwenye mawe na kioo, nayo inavuta oksijeni humohumo.

Oksijeni huingilia usoni, pale maji yanapokutana na hewa. Inua kipampu kimoja kiangalie juu kidogo mpaka uso wa maji ucheze na ule utando wa mafuta upasuke. Najua umefunika kioo kwa ajili ya baridi. Badilisha, weka wavu. Maji yatakauka haraka zaidi, basi ongeza maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai na mvuke. Joto shusha hadi 25, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

*Nimehamisha kipampu, matumbawe laini yamejikunja tangu juzi. Mchanga nao umekimbilia kona moja. (Kihesa, Iringa)*

Kinayapiga usoni. Kigeuze kilenge kioo, mkondo ugonge hapo kwanza ndipo utawanyike, kisha kipandishe mbali na mchanga. Matumbawe laini hutosheka na mzunguko wa mara 10 hadi 20 kwa saa. Yale magumu ya matawi ndiyo hutaka 30 na zaidi. Vidole vya matumbawe yako viyumbe na kurudi. Vikilala upande mmoja kutwa nzima, umezidisha.

*Umeme ukikatika usiku nifanyeje? (Mafinga)*

Kukosa hewa kutawaua samaki kabla ya baridi. Nunua kipampu cha hewa cha betri, au inveta ndogo na betri ya gari, uunganishe kipampu kimoja tu. Hita iache, itamaliza betri mara moja. Kuna jambo watu hulisahau: pampu ikizima, maji ya juu hurudi chini kwa bomba lilelile. Mimi niliamka nikakuta zulia linaelea. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji, livute hewa na kukata mvuto. Kisha zima swichi mchana, ukiwa umesimama hapo, uone tangi la chini linajaa hadi wapi.

*Nataka kufuga mbuna, wale samaki wa mawe ya Ziwa Nyasa. Niwatilie chumvi? (Tukuyu)*

Usitie. Ziwa Nyasa si la chumvi. Wape chujio la nguvu, maana ni walaji na wachafuzi, na mzunguko wa mara 5 hadi 8. Wewe uko karibu: shuka Matema siku ya upepo, uangalie mawimbi yanavyoyapiga mawe ya ufukweni. Humo kwenye mianya ndimo wanamoishi.