Bunduki ya kushindilia inanivunja bega: nipunguze nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Erie, Pennsylvania, mwaka wa sita sasa. Jamaa wa kazini waliniingiza kwenye uwindaji, nikanunua bunduki ya kushindilia ya kisasa (ile inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu), kaliba .50, nyepesi, kitako cha plastiki. Muuzaji aliniambia niweke vidonge 3 vya baruti vya greni 50 kila kimoja (greni ni kipimo kidogo cha uzito, kama gramu 0.065), na risasi ya greni 300. Inapiga teke mpaka bega linavilia damu, na siku hizi nafumba macho kabla haijalia. Oktoba nilimkosa kulungu jike aliyesimama mita 50 tu. Je, ninunue mpira wa kitako, au breki ya mdomo wa mtutu? Na baada ya Krismasi nataka kuingia msimu wa gumegume, bunduki ya kizamani inayowashwa kwa cheche za jiwe. Nayo itanipiga hivyohivyo?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla hujanunua chochote, toa kidonge kimoja. Hakigharimu kitu, na hakuna mpira wa dukani utakaokusaidia kuliko hapo.

Bunduki hurudi nyuma kwa sababu ya vitu viwili vinavyotoka mbele: risasi, na baruti yenyewe. Hiyo ya pili wengi huisahau. Baruti nyeusi haigeuki hewa yote inapoungua. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki yabisi, ndiyo moshi mzito na masizi unayosugua jioni. Yote hayo yanasukumwa nje ya mtutu kwa kasi, na bega lako ndilo linalolipa. Bunduki ya kisasa ya kuwindia ya .30-06 hutumia greni 50 hivi za baruti isiyo na moshi. Wewe unashindilia 150. Baruti za badala, kama hivyo vidonge vyako, hupimwa kwa ujazo na ni nyepesi kuliko baruti nyeusi ya ujazo uleule, lakini hata hivyo mzigo ni mkubwa.

Nimekupigia hesabu ya kukadiria. Bunduki ya kilo 3.2, vidonge 3, risasi ya greni 300 ikitoka kwa mita 550 hivi kwa sekunde: teke la jouli 42 au karibu na hapo. Bunduki ileile, vidonge 2 na risasi ya greni 250 ikienda mita 490: jouli 21. Nusu kabisa. Kulungu wa mita 50 hataijua tofauti, na hata wa mita 100 ataanguka ukimpiga mahali pake. Ukifyatua vidonge vitatu, tandika shuka jeupe mbele ya mtutu siku moja, au ngoja theluji, uangalie. Kwenye mitutu mingi mifupi utaona chembe za baruti ambazo hazikuwahi kuungua. Umezinunua, umezishindilia, zimekupiga, na risasi haikufaidika nazo.

Ukitaka kuchagua kipimo kwa uhuru zaidi, acha vidonge, tumia baruti ya unga. Anza na greni 70 kwa ujazo, panda kwa tano-tano mpaka matundu yakusanyike pamoja kwenye karatasi. Mara nyingi yanakusanyika kwenye 80 au 90, si kwenye kiwango cha juu kilichoandikwa kitabuni. Baruti imiminwe kwanza kwenye kipimio, ndipo iingie mtutuni. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kwa maana kaa moja lililobaki humo ndani linatosha kuilipua chupa mkononi. Na baruti isiyo na moshi usiithubutu hata kijiko, isipokuwa mtengenezaji wa bunduki hiyo hasa ameiruhusu kwa maandishi. Nimeletewa mtutu uliopasuka kama ndizi. Mwenyewe alikuwa na bahati ya vidole.

Uzito wa bunduki ndio wa pili. Hizi za plastiki zimetengenezwa ziwe raha kubeba mlimani, lakini siku ya kulenga unailipa raha hiyo. Ongeza gramu 800 kwenye bunduki yako, ifike kilo 4, na zile jouli 21 zinashuka mpaka 17. Vitako vingi vya plastiki vina uwazi ndani: fungua mpira wa nyuma, jaza mfuko wa marisaa (vile vipunje vidogo vya risasi), uubane kwa sponji usicheze, kisha funga. Jaribu kwanza kuibeba, maana uzito wote wa nyuma huifanya pua ya bunduki kuelea.

Sasa mpira wa kitako. Ni mzuri, sikukatazi. Ila kumbuka unaongeza sentimita mbili au zaidi kwenye urefu wa kitako, na majira ya baridi umevaa koti nene juu yake. Ukiwa na mikono mifupi, kitako kitaishia kwenye mfupa wa bega badala ya kuingia kwenye kishimo chake, na utaumia zaidi kuliko mwanzo. Pima ukiwa umevaa nguo za Desemba, si fulana. Hilo la kuvilia damu nalo lichunguze: alama ikiwa kwenye mfupa au kwenye mkono, hukuiweka bunduki mahali pake. Ivute ndani ya kishimo cha bega kwa nguvu kidogo, shavu ligandamane na kitako kabla ya kulenga. Bunduki iliyoachiwa nafasi ya kidole kimoja hurudi kama ngumi. Iliyobanwa hukusukuma tu.

Meza ya kulengea nayo ina hila yake. Ukikaa na kuinamia meza, mwili hauna pa kwenda, kwa hiyo unalipokea teke lote. Ukisimama, kiuno na magoti yanalimeza. Weka vilengeo vya bunduki sawa mezani kwa risasi chache, kisha simama ufanye mazoezi yako. Kuna watu hutumia kitanda cha chuma kilichojazwa vyuma vizito ili bunduki isitikisike kabisa. Hapo nguvu ambayo ingeisukuma bunduki nyuma hubaki kwenye kitako. Nimeshaunga mbao zilizopasuka kwa namna hiyo, za bunduki za urithi, inasikitisha.

Breki ya mdomo wa mtutu sikushauri. Kwenye bunduki ya kushindilia kila kitu hupitia mdomoni, masizi yataziba matundu yake, na kelele itakurudia wewe na jirani yako. Kelele ni sehemu ya teke, usidhani ni jambo lingine. Vaa vizibo vya masikio na juu yake vifuniko, uone kama bunduki haijawa mpole ghafla.

Kufumba macho ndiko kulikokukosesha yule jike, na punguzo la baruti peke yake halitakuponya, mwili umeshajifunza. Mpe rafiki bunduki, akukabidhi mara ina risasi, mara haina kitu, usijue ipi. Siku ambayo haikulia ukauona mdomo wa mtutu ukiruka chini, umejionea mwenyewe ugonjwa. Lakini weka sharti: isipolia, mtutu unabaki umeelekea shabaha dakika nzima, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kushika moto.

Kuhusu gumegume, una raha mbele yako. Msimu huo Pennsylvania ilianza kuuruhusu mwaka 1974, na wa mwisho wa mwaka hufunguliwa kesho yake Krismasi. Bunduki ndefu ya kilo 4, goroli la risasi la greni 177 katika kiraka cha kitambaa chenye mafuta, baruti nyeusi greni 70: teke lake halifiki jouli 15, na linakuja polepole. Vidonge vyako usivipeleke huko, cheche ya jiwe haiviwashi vizuri. Kitakachokushtua ni mwali ulio karibu na jicho, na ule muda mfupi kati ya mwali na mlio, kwa hiyo endelea kulenga mpaka moshi utoke mbele. Nyumbani toa jiwe, weka kipande cha mbao mahali pake, ufyatue mara hamsini kila jioni ukiangalia kilengeo cha mbele. Ukiona kitako kimejipinda kama mwezi mwandamo, hicho hakikutengenezwa kwa kishimo cha bega. Wazee walikishika nje kidogo, juu ya mkono karibu na bega, ncha zake zikiwa juu na chini ya msuli. Ukikiweka kama bunduki ya kisasa zitakuchoma.

Jambo moja usilisahau utakapobadili kipimo. Risasi lazima ikalie baruti, bila uwazi wowote kati yake. Ukiacha nafasi, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Alama uliyoweka kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ni ya vidonge vitatu. Kwa viwili risasi itakaa chini zaidi, na ukiifuata alama ya zamani utaiacha ikining'inia juu ya baruti. Ikwangue kabla hujatoka nyumbani, ushindilie vidonge viwili na risasi mpaka mdeki uwe unaruka unapouangusha, ndipo uchore alama mpya.