Jibu: Wastani wa Hisabati Gredi 8 ni mzuri, mbona theluthi ya darasa haielewi?

Mzazi mwenzangu wa Eastlands, Nairobi, umeuliza mwaamini nani: karatasi ya wastani mliyoletewa kwenye BOM (bodi ya usimamizi ya shule), au walimu wanaosema theluthi ya Gredi 8 imeachwa nyuma. Wote wasema kweli. Chukua darasa la watoto 60: kwa alama za 1 hadi 8, 20 wana 7 (EE2, yaani wamezidi matarajio), 20 wana 5 (ME2, wamefikia matarajio), 20 wana 2 (BE1, wako chini ya matarajio). Wastani ni 4.67, karibu ME2, na wale 20 wa mwisho wamemezwa humo. Kikao kijacho ombeni idadi ya watoto katika kila kiwango, wasichana kando na wavulana kando, pamoja na siku alizokosa kila mmoja muhula huo.

Kabla ya kununua vitabu vya marudio, jueni kinachowakwamisha. Mtoto apewe maswali 5 ya hesabu za maelezo kwa Kiingereza, ayasome mwenyewe. Kesho yake apewe mengine 5 ya ugumu uleule, mwalimu akimsomea na kumfafanulia kwa Kiswahili. Akitoka jibu 1 sahihi hadi 4, hesabu anaijua. Kiingereza cha swali ndicho kinachomshinda. Huyo asome kwa sauti dakika 20 kila siku, kitabu cha Gredi 4, bila kuona haya. Asipopanda, mrudisheni kwenye kugawanya na akisami, maana aljebra hujengwa juu ya hayo. Kumrudilia jioni somo la siku hiyo, jambo ambalo shule nyingi hufanya, ni kumchosha tu.

Sasa miradi, na hapa ndipo naumia zaidi. Tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8, ambazo miradi ni sehemu yake, hubeba asilimia 20 ya alama za kuingia sekondari pevu. KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi 6, hubeba 20, na KJSEA, ule wa Gredi 9, hubeba 60. Mradi ukifanyiwa nyumbani, kinachopimwa ni mfuko wa mzazi. Mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru asiye na karatasi ya manila wala gundi anaandikiwa BE kwa kazi ambayo hakupata nafasi ya kuifanya. Yote ifanyike darasani, katika vipindi vya dakika 40. Wekeni sanduku la katoni, chupa, nyaya na vitambaa vikuukuu. Makundi yawe ya watoto 4 au 5, kila mmoja aeleze sehemu yake na apate alama yake. Msidai kazi iliyochapishwa saiba, kwenye duka la kompyuta.

Asirudishwe mtoto nyumbani kwa hela ya mtihani wa majaribio. Na majina ya wale 20 yabaki kwa mwalimu wa darasa, yasibandikwe ukutani.