Kuishi kwenye kampavani Nairobi: chakula cha kila siku na matembezi ya kwenda na kurudi

Mleta mada, nimekuelewa. Unataka kuhama nyumba ya kupanga uingie kwenye kampavani, yaani gari la kulala na kuishi ndani, hapahapa Nairobi, na unauliza mambo matatu: utapika nini ukiwa na meko moja tu, kama kuna haja ya friji, na wapi unaweza kwenda ukarudi siku hiyohiyo bila mafuta kumeza mshahara. Waliokujibu kabla yangu wamekurushia video za Wazungu wenye oveni ndani ya basi. Mimi nakujibu kama mtu anayeishi na mkewe ndani ya Hiace ya paa la juu, matatu iliyostaafu, ambayo usiku hulala kwenye ploti ya mjomba wangu huku Rongai.

Kwanza kabisa, na ukilishika hili mengine yatajipanga: usijenge jikoni ndani ya gari. Hizo video zinatoka nchi ambako mtu anaegesha porini na duka la karibu liko mwendo wa saa nzima. Sisi huku, popote utakapozima injini kuna mtu tayari amewasha moto wake. Kuna mama wa chapo, kuna kijana wa smoki (soseji) na mayai, kuna wa mahindi ya kuchoma, na giza likiingia kuna wa mutura, ile soseji ya utumbo. Nafasi ni ndogo na maji ni ya kubeba kwa mtungi wa lita 20. Sasa uyamalize kwa kusugua sufuria ya ugali ya nini? Gari liwe stoo, meza na kitanda. Mapishi mazito waachie wenye majiko makubwa.

Chukua githeri. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Ukipanda hadi Limuru hupungua tena. Ndiyo maana maharagwe ambayo shangazi yako wa Mombasa huyaivisha bila jasho, huku yatakaa motoni hadi gesi ilie. Ukiyachemsha mwenyewe kwenye mtungi wa kilo 6 utafilisika, na gari zima litanuka maharagwe hadi kwenye shuka. Lakini karibu kila mtaa kuna mama aliyekwisha kukufanyia kazi hiyo. Kuanzia saa 11 jioni anafunua sufuria yake pale stejini, mahindi na maharagwe yamechemka tangu mchana kwa kuni, anakupimia kwa mkebe, unaondoka nayo ikiwa bado inafuka. Kazi yako ni kukaanga tu: kitunguu kimoja, nyanya mbili, karoti na hoho kama zipo, royco kidogo, chumvi. Dakika 10 meko imezimwa. Parachichi juu, mmekula. Ndengu na madondo pia huuzwa zimeshachemshwa, na utaratibu ni huohuo.

Sukuma wiki usiinunue nzima. Mwambie mama mboga akukatie. Anayakusanya majani, anayabana kwenye kiganja cha kushoto, na kisu kinapita juu ya ngumi bila ubao wala kuangalia, nyuzi nyembamba zinaangukia kwenye beseni. Mwenyewe ukijaribu kazi hiyo juu ya goti ndani ya gari utaokota vipande chini ya kiti mwezi mzima. Beba kontena lako lenye kifuniko, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 huwezi kutegemea muuzaji akufungie kitu chenye mchuzi.

Ugali na chapati tunanunua. Mke wangu mwanzoni hakutaka kusikia habari za ugali wa kibandani, kwao mtu anayenunua ugali anaonekana hana mji. Lakini mvuke ndio uliomshinda. Ugali au wali ukipikwa ndani, maji yote yanaenda kwenye madirisha na paa, na baridi ya Julai ikiingia yanaanza kudondoka. Unaamka godoro limelowa upande mmoja. Sasa hata yeye ndiye ananituma.

Samaki na omena, pikia nje. Sielezi zaidi, utajua mwenyewe siku moja utakapoenda kazini.

Kuhusu gesi naomba uwe makini kuliko kwenye mambo mengine yote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inatambaa sakafuni na kukaa pale, ikingoja kiberiti. Kwa hiyo fundi akikutobolea tundu la hewa juu tu amefanya nusu ya kazi. Mwambie atoboe pia sakafuni, karibu na mtungi, aweke wavu panya asiingie. Sisi mtungi unakaa kwenye kisanduku nyuma, kinachofunguka kwa nje, na usiku rekuleta, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza gesi, inatolewa. Jiko la makaa halilali ndani ya gari hata kama limebaki jivu jekundu tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na kila msimu wa baridi hukosi kusikia familia iliyolala na jiko ndani haikuamka. Chumba cha matofali kina nyufa. Hiace ikifungwa milango haina.

Friji? Usinunue kwa sasa. Friji ya gari inataka betri ya pili na sola, na hizo zitakula pesa nyingi kuliko chakula utakachookoa. Mayai hayahitaji baridi. Kabeji, karoti, viazi na vitunguu hukaa. Maziwa kuna ya pakiti yasiyoharibika hadi uyafungue, na ukifungua jioni, usiku wa Nairobi wenyewe utayalinda hadi chai ya asubuhi. Nyama nunua robo, pika, maliza. Siku za kutoka tunabeba kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kizito, ndani tunaweka chupa mbili za maji zilizogandishwa kwenye friza ya mjomba. Zinapoza chakula hadi mchana, kisha zinakuwa maji ya kunywa.

Haya, matembezi. Watu wengi huchagua kwanza mahali halafu ndipo wafikirie watakula nini. Ukiwa na gari zito, anza na mlo na mlima: utakula wapi, na utapanda mteremko gani saa ngapi. Mengine yatajibu yenyewe.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni barabara ya Magadi, na si kwa sababu naishi kando yake tu. Toka saa 12 asubuhi, jaza mafuta na maji Kiserian, maana mbele huduma ni chache. Ukifika Kona Baridi utaelewa jina, upepo unakata masikio. Kisha barabara inainama na Bonde la Ufa linafunguka lote mbele yako, na kila kilomita chache unavua kitu: kwanza koti, kisha sweta, mwisho unatamani kuvua viatu. Teremka kwa gia, usikalie breki. Hiace iliyojaa mbao, maji na kitanda si ile aliyoifikiria aliyeitengeneza.

Kituo ni Olorgesailie, kama kilomita 70 kutoka katikati ya mji. Ni eneo la Makumbusho ya Taifa, unalipa langoni na mwelekezi anakuzungusha kwa miguu. Louis na Mary Leakey walichimba hapa miaka ya 1940, na badala ya kubeba kila kitu kwenda mjini, mashoka mengi ya mawe yaliachwa palepale yalipopatikana. Unasimama juu ya daraja la mbao, chini yako yametapakaa mamia kwa mamia, mengine makubwa kuliko kiganja cha mwanamume mzima, yamechongwa pande zote mbili. Walioyachonga waliishi kando ya ziwa ambalo sasa halipo, na mengine yana umri wa karibu miaka milioni moja. Mimi si mtu wa makumbusho, lakini pale husimama hadi mwelekezi akohoe.

Kuna vibanda vya kivuli vya kukaa na kula. Hapo ndipo chakula cha jana usiku kinapofanya kazi: chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha, kachumbari iliyokatwa bila chumvi (chumvi itie wakati wa kula, la sivyo itakuwa supu), na chai kwenye chupa. Mkwaju ukiupata, tengeneza juisi usiku, kwa joto lile hakuna soda itakayoishinda. Usile ndani ya gari. Bati likipigwa na jua la saa 6 mchana ndani ni tanuri.

Kurudi ni kupanda, na hapo ndipo injini kuukuu husema ukweli. Ondoka mapema ili usipande ukiwa na haraka, angalia maji ya rejeta kabla ya kuwasha, na mshale wa joto ukianza kupanda simama kando kabla haujafika juu. Sisi hupiga simu kwa mwenye nyama Olepolos, huko juu ukingoni, tukiwa bado bondeni, tunaagiza mbuzi, mguu au mbavu. Nyama choma nzuri inachukua dakika 45 au zaidi, kwa hiyo ukiagiza ukifika utakaa ukinusa sahani za wengine. Tukifika, kijana anakuja na ubao, anakata mbele yetu, kirundo kidogo cha chumvi pembeni, ugali, kachumbari, na bonde lote tulikotoka liko chini. Watu wengine wataendelea hadi Ziwa Magadi, kama kilomita 110 kutoka mjini. Magadi ni pazuri, lakini kwa kwenda na kurudi siku moja na gari kama letu mimi sikushauri. Kalale huko au ukaache.

Ngong Hills ni ya nusu siku. Egesha langoni, panda kwa miguu kwenye mitambo ya upepo. Usibebe meko, upepo hauruhusu moto. Chai ya chupa na mandazi, basi.

Naivasha nayo kila mtu anaijua, kwa hiyo nitasema yale tu yanayohusu gari la kulala. Njia ziko mbili. Ya chini ya Mai Mahiu ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kale kanisa kadogo walikokajenga kando ya barabara bado kapo. Ni nzuri kwa macho, ila ina malori na mteremko mkali. Mimi hupita ya juu, na sababu yangu ni ya tumbo: Soko Mjinga, soko la mboga la kando ya barabara. Kabeji, viazi, karoti na minji kwa bei ya shambani, na vyote ni vitu visivyohitaji friji. Nunua wakati wa kurudi, usivizungushe juani siku nzima.

Ukienda hifadhi ya Hell's Gate, hapo Naivasha, malipo ni ya eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kamilisha kwenye simu ukiwa bado na mtandao mzuri. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, kwa hiyo zile chupa za maji za dukani, sahani na vijiko vya plastiki viache. Hapo mwenye kampavani ana nafuu, vyombo vyake vya bati viko ndani tayari. Hifadhi hii inakuruhusu kutembea na kuendesha baiskeli, na baiskeli zinakodishwa langoni. Korongo usishuke kama mawingu yamefunga, hata kama mvua iko mbali. Mafuriko ya ghafla yameua wageni humo mwaka 2012 na tena 2019. Chakula cha mchana tafuta ufuo wa Kamere, karibu na lango la Elsa: samaki wa kukaanga kutoka ziwani, ugali, unakula kwa mikono, na hakuna chombo chako kilichochafuka.

Jumapili jioni usiwe kwenye barabara hiyo. Nairobi nzima inarudi kwa wakati mmoja. Kama kazi yako inaruhusu, nenda katikati ya wiki. Kama hairuhusu, toka Naivasha saa 8 mchana hata kama samaki hajashuka vizuri.

Mvua za Machi hadi Mei sisi hatutoki mji. Barabara za vumbi zinageuka utelezi na Hiace inayosukumwa na magurudumu ya nyuma inacheza dansi. Siku hizo tunaenda Kenyatta Market. Usijaribu maegesho ya chini ya maduka makubwa, paa la juu halipiti, pima gari lako na uandike urefu kwenye dashibodi. Egesha nje, mpe mlinzi chochote. Mke wangu anakwenda kusukwa, mimi naelekea upande wa nyama choma. Msusi akikwambia masaa mawili, hesabu manne, kwa hiyo mbuzi usimwagize hadi uone wamefika nyuma ya kichwa.